Twita inachoma, imefifia au inakwaruza: tafuta chanzo kabla ya kulaumu kuba

Malalamiko ya twita, yaani ile spika ndogo ya sauti za juu ndani ya sanduku, yanayofika kwa mafundi wa Unguja na Pemba ni yaleyale, na mengi huja na hukumu tayari mkononi: "Hizi za kitambaa hazina kitu, niwekee za titani." Au kinyume chake: "Hizi za chuma zinanitoboa masikio, nataka za hariri." Mara nyingi kilichosababisha tatizo ni kitu kingine kabisa, na mwenye spika hutumia pesa zake kununua kuba mpya yenye kasoro ileile.

Kwanza tujue kuba inafanya nini. Ni kile kifuniko chembamba katikati ya twita, kwa kawaida milimita 25 upana, kilichogandishwa juu ya koili ndogo inayocheza ndani ya upenyo wa sumaku. Kazi yake ni kwenda mbele na kurudi nyuma yote kwa pamoja, maelfu ya mara kwa sekunde. Kitu ilichotengenezwa nacho kinaamua mambo mawili. La kwanza ni katika masafa gani, yaani mitikisiko mingapi kwa sekunde, kuba itaacha kwenda kwa pamoja na kuanza kupinda. La pili, ikishapinda, je mtikisiko huo unakufa haraka au unalia?

Hariri na nguo ya poliesta, zikiwa zimepakwa mpako wake, huanza kupinda mapema, ndani ya masafa tunayoyasikia. Lakini kitambaa hunyonya mtikisiko, kwa hiyo kosa lake ni la upole. Chuma husimama imara hadi juu sana, kisha hulia kwa ukali mahali pamoja: aluminiamu au titani ya milimita 25 hulia karibu na kilohezi 25 hadi 30 (kilohezi moja ni mitikisiko elfu moja kwa sekunde). Sikio la kijana linaishia kilohezi 20, na kiwango hicho hushuka kadiri umri unavyokwenda. Berili, metali nyepesi na kakamavu sana, husogeza mlio huo juu zaidi, na almasi juu zaidi tena.

Nataka kila anayetaka kununua alijue jambo hili: titani haiishindi aluminiamu kwa ukakamavu ukilinganisha na uzito wake. Ni ngumu zaidi, kweli, lakini ni nzito zaidi kwa karibu kiwango kilekile. Aluminiamu ina gramu 2.7 kwa sentimita moja ya ujazo, titani 4.5. Ukigawa ugumu kwa uzito, aluminiamu, titani na magnesi zinakaribiana sana, na kati ya metali za kuba berili peke yake huzizidi mara kadhaa. Ubora wa titani ni kwamba haichoki haraka na chumvi ya bahari haiiwezi. Kwa visiwani hiyo ni faida kubwa, ila si faida ya sauti.

Sauti inachoma masikio, hasa "s" na "sh"

Hili ndilo lalamiko kubwa kuliko yote. Mwimbaji akitamka "sisi" unahisi sindano. Visahani vya rika, ile tari ndogo ya taarab, vinageuka kelele moja isiyo na umbo.

Anza na marekebisho ya trebo kwenye amplifaya, kwenye simu na kwenye programu ya muziki. Mara nyingi kuna sehemu mbili au tatu zilizopandishwa kwa wakati mmoja bila mtu kukumbuka. Rudisha zote katikati. Kisha badilisha wimbo: faili zilizobanwa sana na kutumwa kutoka simu hadi simu huwa na mchakacho juu ya kilohezi 5, palepale "s" inapokaa, na hakuna kuba itakayoufuta.

Sababu ya pili ni chumba, na hapa Zanzibar ningeiweka juu kuliko vitabu vya nje vinavyoiweka. Nyumba ya Mji Mkongwe ina kuta nene za mawe ya matumbawe zilizopigwa chokaa, na urefu wa boriti za mikoko ndio ulioamua upana wa vyumba vyake. Ndiyo maana vyumba ni vyembamba na virefu. Ukuta wa pembeni uko karibu sana na spika, na sauti ya juu huufikia na kurudi sikioni mara moja. Nyumba mpya za tofali za saruji zenye vigae chini na madirisha ya aluminiamu nazo haziko mbali na hapo. Kupima ni rahisi: toa spika moja uani au barazani, ipige wimbo uleule kwa sauti ileile. Ikitulia nje, usiguse twita. Weka zulia au mikeka mizito mbele ya spika, pazia la kitambaa kinene kwenye dirisha, na kabati la vitabu au nguo mahali ukuta ulipokuwa mtupu. Sogeza spika mbali na pembe. Geuza twita zisikuelekee moja kwa moja, zipite kidogo pembeni ya bega lako.

Sababu ya tatu ni amplifaya iliyofika mwisho wa nguvu zake. Ikilazimishwa zaidi, hukata vichwa vya mawimbi, na mawimbi yaliyokatwa huzaa sauti kali za juu ambazo hazikuwemo kwenye wimbo. Dalili yake ni hii: kwa sauti ya mazungumzo kila kitu ni safi, ukipandisha ndipo inachoma. Mlio wa kuba yenyewe hauna tabia hiyo. Unakuwepo sauti ikiwa ndogo au kubwa.

Baada ya hayo matatu ndipo uitazame kuba. Kata kipande cha karatasi laini ya chooni, tabaka moja tu, ukitundike mbele ya twita bila kuigusa. Watu wa studio walikuwa na desturi hiyohiyo kwa Yamaha NS-10M, spika iliyotoka mwaka 1978 na kuenea studio nyingi duniani. Na twita ya spika ile iliyolaumiwa kwa ukali ilikuwa ya kuba laini, si ya chuma. Hiyo inatosha kuonyesha kwamba jina la kitu kilichotengenezwa kuba halikuambii spika italiaje. Kama karatasi inaponya, dawa ya kudumu ni rizista ya omu 1 hadi 2 mbele ya twita, yenye uwezo wa wati 5 au 10, ili kuipunguza kidogo. Ikiwa twita ni ya bei rahisi sana na kuba yake ya chuma ni jani jembamba lisilo na umbo zuri, mlio wake unaweza kushuka ukaingia ndani ya masafa unayosikia. Hapo kweli badilisha, na nakushauri uchukue kuba laini.

Sauti imefifia, kama mtu anaimba ndani ya blanketi

Usifungue chochote kwanza. Angalia twita iko urefu gani na wewe umekaa wapi. Nyumba nyingi spika ziko juu ya kabati na wasikilizaji wamekaa chini kwenye mkeka. Sauti za juu haziendi kila upande kama besi. Kuanzia kilohezi 10 kwenda juu hufinyana kuwa mwale mwembamba unaosonga mbele, na mwale huo unapita juu ya vichwa. Shusha spika au ziinamishe mpaka kuba ielekee masikio. Ondoa pia kitambaa cha mapambo kilichofunika uso wa spika. Nguo yenye lasi inapitisha. Nguo nzito ya kushonwa kwa mkono inaziba.

Chagua vizuri wimbo wa kupimia. Santuri alizorekodi Siti binti Saad kule Bombay mwaka 1928 ni hazina, ila vyombo vya enzi ile havikubeba masafa ya juu kabisa, kwa hiyo kufifia kwake ni kwa asili. Chukua rekodi mpya ya taarab asilia yenye ganuni na rika: ule mguso wa kwanza wa ukucha kwenye uzi wa ganuni na mlio wa visahani ndio vipimo vyangu vya kila siku.

Ikiwa bado imefifia, washukiwe hawa kwa mpangilio. Kapasita ya krosova, ile sakiti inayogawa sauti kati ya besi na twita, ndiyo ya kwanza, hasa ya maji katika spika za zaidi ya miaka 15 au 20. Hukauka, thamani yake hubadilika na twita hupata chakula kidogo. Ibadilishe na ya plastiki yenye thamani ileile. Ya pili ni mafuta ya sumaku. Twita nyingi zina tone la mafuta yenye chembe za sumaku ndani ya upenyo wa koili, kwa ajili ya kupoza na kutuliza. Joto na miaka huyageuza kuwa gundi, koili ikashindwa kusogea. Fundi aliyezoea huweza kufungua, kusafisha upenyo kwa karatasi ngumu na kuweka mafuta mapya ya kiasi kilekile. Usiweke mafuta ya cherehani wala ya pikipiki. Hayana chembe za sumaku, yatachuruzika na kuharibu gundi ya koili.

La mwisho ni mpako wa kuba laini. Mpako mwingi hubaki wa kunata maisha yote, na vumbi la barabara huung'ang'ania mpaka kuba ikawa nzito. Lisafishe kwa brashi mpya ya rangi, laini kabisa, kwa kupapasa. Spiriti na sabuni ni marufuku: zinayeyusha mpako, na kitambaa kisicho na mpako hupitisha hewa kama chandarua.

Upande mmoja haulii kabisa

Badilishanisha waya za kushoto na kulia kwenye ncha za spika, amplifaya ikiwa imezimwa. Kimya kikihama, kosa liko kwenye amplifaya au waya. Kikibaki palepale, kosa liko ndani ya sanduku.

Hapa pwani sababu ya kwanza ni kutu. Waya mwembamba unaotoka kwenye koili na vibati vya twita huota ukungu wa kijani upande wa shaba, na unga mweupe upande wa aluminiamu. Paje, Jambiani, Makunduchi, na nyumba zinazopigwa na upepo wa bahari kule Wete na Mkoani, hali hii huja mapema sana. Chomoa vibati, vikwangue, virudishe. Mara nyingi twita hufufuka papo hapo.

Kama bado, chukua multimita. Chomoa waya mmoja wa twita kwanza, kwa sababu vifaa vya krosova vinadanganya kipimo. Twita iliyoandikwa omu 8 huonyesha karibu 5.5 hadi 7. Ya omu 4 huonyesha karibu 3 hadi 3.8. Ikionyesha hakuna njia, koili imekatika. Ikionyesha karibu na sifuri, koili imeshikana: usiirudishe kwenye amplifaya.

Tahadhari moja inaokoa pesa: twita za pizo, zile za plastiki zenye honi ndogo zilizojaa kwenye spika za sherehe na kwenye magari, hazina koili. Multimita itaonyesha hakuna njia hata zikiwa nzima kabisa. Nyingi zimetupwa bure kwa sababu hiyo. Zipime kwa muziki wa sauti ndogo.

Inakwaruza au inanong'ona mchakacho

Kaza skrubu za uso wa twita na za sanduku kabla ya yote. Ukimya wa usiku ukiwa mzuri, piga sauti ndogo na uweke sikio karibu: mchakacho unaokuja na kila noti ni koili inayosugua, unaokuja na besi tu ni sanduku au waya unaogonga.

Koili husugua kwa sababu kuba imehama kidogo baada ya spika kuanguka, au kwa sababu chembe za chuma zimeingia ndani ya upenyo. Sumaku hukusanya vumbi la chuma kwa bidii, kwa hiyo usiwahi kufungua twita kwenye meza iliyopigwa tupa au grainda. Chembe zikishaingia hutolewa kwa utepe wa gundi wenye ncha nyembamba, si kwa kupuliza. Kwenye draiva kubwa za honi, zile za ukumbini, diaframu (utando unaotikisika) ya titani ikiwa na ufa mwembamba kama unywele hutoa mchakacho unaofanana kabisa na huu. Ufa hauungwi. Diaframu hubadilishwa.

Twita zinaungua kila baada ya sherehe

Mwenye vyombo huja akisema anataka kuba "ngumu zaidi isiyoungua." Kuba haiungui, inayoungua ni koili, na koili ya twita ya kawaida inabeba wati chache tu mfululizo, hata kama sanduku limeandikwa wati 300. Katika muziki wa kawaida sehemu kubwa ya nguvu iko kwenye besi na kinachofika kwa twita ni kidogo. Amplifaya ikianza kukata vichwa vya mawimbi, fungu la twita linaongezeka ghafla, na harusi inaendelea hadi alfajiri.

Kwa hiyo amplifaya ndogo iliyosukumwa mwisho huua twita kuliko kubwa inayokwenda polepole. Kuna jingine linalotuhusu: umeme ukishuka jioni kutoka volti 230 hadi 180, amplifaya ya transfoma hubaki na karibu asilimia 60 ya nguvu zake, na hufika ukingoni mapema bila mtu wa mixa kugusa kitu. Jenereta ndogo iliyobebeshwa taa na friji hufanya vilevile. Taa nyekundu ya mixa au ya amplifaya ikiwaka mfululizo, shusha. Hakikisha pia kapasita ya twita ipo na haijaunganishwa moja kwa moja na waya, jambo ambalo hufanywa "ili ilie zaidi."

Ukinusa harufu ya vanishi, au koni ya spika ya besi ikisukumwa nje na kubaki hapo hata muziki ukizimwa, zima amplifaya palepale. Inatoa umeme wa moja kwa moja kwenye spika. Usijaribu spika nyingine, utaiua nayo. Na usifungue kifuniko: kapasita zake kubwa hushika umeme hata baada ya kuchomolewa. Hiyo ni kazi ya fundi.

Kuba imebonyea

Vidole vya watoto, basi. Kuba ya kitambaa hurudi kwa kugusishwa utepe wa karatasi usionata sana na kuvutwa taratibu, na ikirudi vizuri hutasikia tofauti. Usitumie mashine ya kufyonza vumbi. Hung'oa kuba na koili yake. Kuba ya chuma iliyobonyea hubaki na kunyanzi, na kunyanzi hilo huzaa mlio mpya usiokuwepo. Kama bado inalia sawasawa, iache.

Kuba ya berili ni jambo jingine, na naomba lichukuliwe kwa uzito. Yamaha NS-1000 ya mwaka 1974 ilikuwa nayo, na spika kadhaa za bei kubwa za sasa zinayo. Ikiwa nzima haina madhara. Ikivunjika, unga wake ukivutwa ndani huharibu mapafu kwa ugonjwa usiopona. Usiguse vipande, usifagie, usipulize, usimwachie mtoto asogee. Toeni watu chumbani, zima feni, na wasiliana na mtengenezaji kabla ya mtu yeyote kuigusa.

Nimebadilisha twita na sauti si ile

Chunguza namba kabla ya kulaumu kuba. Kapasita ya maikrofaradi 4.7 na twita ya omu 8 hugawana na besi karibu na kilohezi 4.2. Ukiweka twita ya omu 4 bila kubadilisha kapasita, mgawo huo unaruka hadi karibu kilohezi 8.5, na katikati panabaki pengo: sauti ya mwimbaji inakuwa tupu, huku visahani vikipiga kelele. Watu husikia hivyo na kusema "chuma hiki kibaya." Angalia pia desibeli, yaani twita inalia kwa ukubwa gani ikipewa nguvu ileile: twita ya 93 mahali pa iliyokuwa 87 itafunika kila kitu mpaka uipunguze kwa rizista. Na kama kushoto ni hariri na kulia ni titani, mwimbaji hatakaa katikati hata ufanye nini. Badilisha zote mbili.

Baada ya namba ndipo uchaguzi wa kuba unapokuwa na maana. Kwa sebule ya mawe au vigae, nachagua poliesta au hariri yenye mpako, bila kusita. Kosa lake la upole halizidishwi na kuta. Poliesta huvumilia unyevu wa masika vizuri zaidi ya hariri iliyopoteza mpako. Kwa baraza linalotazama bahari au hoteli ya ufukweni, titani au poliesta. Aluminiamu isiyokingwa huota unga mweupe, na magnesi huliwa haraka zaidi. Kwa sherehe za uwanjani draiva za honi zenye diaframu ya titani hufika mbali, ingawa zile kubwa huanza kupinda ndani ya masafa ya kusikika, ndiyo maana hazisikiki tamu kwa karibu. Za poliesta ni tulivu zaidi kwa ukumbi mdogo.

Honi za misikiti mara nyingi hutumia diaframu ya fenoli (aina ya plastiki), ngumu na isiyo na masafa ya juu sana, na kwa sauti ya muadhini hiyo ndiyo sahihi, usimruhusu mtu akubadilishie titani kwa ahadi ya "kung'aa." Lakini honi hizo huwa juu ya mnara, na waya zake nyingi hubeba volti zinazofika 100 sauti ikiwa kubwa. Asipande mtu kabla amplifaya haijazimwa na kuchomolewa ukutani, na kazi yenyewe apewe fundi wa mifumo hiyo mwenye mkanda wa usalama.